Diski ya mgongo ikichomoza msimu wa korosho: hatua kwa hatua, kutoka mkekani hadi shambani

Ilikuwa Novemba, ghalani, na gunia halikuwa hata langu. Jamaa aliniomba nimshikie pembe moja tulipandishe kwenye mzani. Nikainama, nikashika, nikageuka kabla sijasimama sawasawa. Kitu kikalia "ka" kiunoni. Sikuanguka wala sikupiga kelele. Nilimaliza kazi, nikarudi nyumbani, nikala ugali wangu. Shida ilikuja asubuhi ya pili yake nilipopiga chafya: moto ulitoka kalioni, ukateremka nyuma ya paja, ukapita kwenye shavu la mguu, ukaishia kidole kidogo. Nilijikuta nimekaa sakafuni nimeshika tendegu la kitanda, sijui nianzie wapi kuinuka.

Majirani walikuja na majibu yao. "Njomba, mgongo umetoka huo." Mwingine akasema pingili zimesagika. Wa tatu alijitolea kunikanyaga mgongoni aurudishe, mke wangu akamzuia mlangoni. Namshukuru mpaka leo.

Mimi si daktari, ni mkulima wa korosho Tandahimba, mkoani Mtwara. Ninayoandika ni yale niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, niliyosoma baadaye, na niliyoyaona mwilini mwangu mwenyewe. Kama una haraka ruka utakapo, ila usiruke hatua ya 1.

Kwanza, kilichotokea humo ndani

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski, jumla yake 23 kutoka shingoni hadi kiunoni. Kila moja ina ukuta wa nyuzi ngumu kwa nje na kiini laini kama uteute ndani. Chukua bibo, tunda la mkorosho, lililoiva ulibane upande mmoja kwa kidole: maji yanatokea upande wa pili. Ndivyo ilivyo. Ukiinama unabana diski kwa mbele, kiini kinasukumwa kwenda nyuma, na nyuma ndiko neva za miguu zinakopita. Ukuta ukiwa umechoka, kiini kinatoboa na kuigusa neva. Kinaibana, na zaidi ya hapo kina kemikali zinazoichoma. Ndiyo maana maumivu yake ni ya moto na umeme, tofauti kabisa na ule uchovu wa kulima.

Karibu matukio yote ya kiunoni hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa, na wengi wanaopatwa wana umri kati ya miaka 30 na 50. Yaani watu wa kazi.

Sasa hayo maneno ya majirani. "Kutoka" si sahihi, maana hakuna pingili iliyohama mahali pake, na kwa hiyo hakuna cha kurudishwa kwa kukanyagwa. "Kusagika" nako ni jambo jingine. Watu wengi wenye umri wa kati wakipigwa picha huonekana diski zimechoka au zimevimba kidogo, na hawaumwi popote. Lakini lipo ambalo hakuna jirani aliyeniambia, nalo ndilo kubwa: mwili wenyewe hukila kile kipande kilichochomoza. Chembe za kinga hukishambulia kama kitu kigeni, kikanywea polepole, na vile vipande vikubwa vilivyotoka kabisa mara nyingi ndivyo vinavyonywea zaidi. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Kazi yako katika wiki hizo ni kutouzuia mwili, na kutokaa ukaoza kitandani.

Hatua ya 1: Kagua dalili za hatari kabla hujagusa dawa

Ipo hali moja, adimu, ambapo kipande kikubwa kinalibana fungu zima la neva zinazohudumia kibofu, haja kubwa na sehemu za siri. Dalili zake watu huona haya kuzitaja, na haya hiyo ndiyo inayowaponza. Jiulize, au muulize mgonjwa mkiwa wawili tu:

- Ukijifuta chooni, unahisi kama kawaida? Au kuna ganzi mahali panapogusa tandiko la baiskeli?
- Mkojo unakataa kutoka ingawa kibofu kimejaa, au unatoka bila wewe kujua? Na haja kubwa?
- Miguu yote miwili inaishiwa nguvu, au unyayo mmoja umeanza kuburuta na hali inazidi saa hadi saa?

Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, usingoje kukuche. Upasuaji wa hali hii huhesabiwa kwa saa. Madaktari hutaja saa 48 tangu dalili zianze, na kabla ya hapo ni bora zaidi. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni zaidi ya kilomita 550. Ukipoteza siku mbili kwa kuchuliwa, muda umekwisha gari halijawashwa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi, au ile ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, Mikindani. Ukifika sema maneno yenyewe: "Nina ganzi sehemu za siri na mkojo hautoki." Ukisema "mgongo unauma" utapangwa foleni pamoja na sisi wengine.

Kuna dalili nyingine zisizohitaji usiku huo huo lakini zinahitaji daktari wiki hiyo hiyo: homa, jasho la usiku, kukonda, kikohozi kisichoisha. Kifua kikuu huingia kwenye pingili pia, na hakitibiwi kwa mazoezi. Maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umelala vizuri, au mgongo unaouma kwa mara ya kwanza mtu amepita miaka 50, au mtu aliyewahi kuwa na saratani, au anayeishi na VVU, nao wakaonwe. Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mkorosho, au aliyepata ajali ya bodaboda, aende siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Chora ramani ya maumivu

Chukua kalamu ya wino. Chora kwenye ngozi ya mguu wako njia ambayo maumivu yanapita, kutoka yanapoanzia mpaka yanapokoma. Usicheke, utaihitaji ramani hii kila siku.

Njia ikipita nyuma ya paja na shavu la mguu hadi ukingo wa nje wa unyayo na kidole kidogo, neva ya chini kabisa ndiyo inayobanwa. Jaribu kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo mmoja mara kumi, ukishikilia ukuta. Njia ikipita ubavuni mwa mguu na juu ya unyayo kwenda kidole gumba, ni neva iliyo juu ya hiyo. Jaribu kutembea kwa visigino na uone kama unyayo unadondoka. Udhaifu kidogo unaweza kurudi wenyewe. Unyayo unaodondoka kabisa, au unaozidi kulegea kila siku, ni wa kupelekwa hospitali mapema.

Kipimo cha mwisho: lala chali, mtu akuinulie mguu ukiwa umenyooka, polepole. Ukishtuka kwa umeme unaopita chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70 hivi, uwezekano wa diski ni mkubwa. Kukaza tu nyuma ya goti hakuhesabiki, hiyo ni misuli mifupi tu.

Kama maumivu yamebaki kiunoni hayashuki mguuni, yaelekea neva haijaguswa. Mengi ya hapa chini yatakufaa hata hivyo, na utapona haraka kuliko mimi.

Hatua ya 3: Siku tatu za mwanzo

Lala, lakini usilale sana. Siku moja, ukizidisha mbili. Baada ya hapo kitanda kinadhoofisha misuli na kuongeza maumivu. Mimi nililala siku tisa kwa sababu kila aliyekuja kunipa pole alisema "pumzika". Siku ya kumi nilishindwa kusimama kwa udhaifu, diski tena haikuwa na kosa hapo.

Mkao unaotuliza wengi ni chali, magoti yamekunjwa na miguu imeegemezwa juu ya kiti au furushi la nguo. Usiku, lala ubavu usiouma na uweke mto, au kanga tatu zilizokunjwa, katikati ya magoti. Kitanda cha kamba kilicholegea hadi kinakuwa kama bembea hakikufai kwa sasa. Ama kaza kamba, ama teremsha godoro chini. Lakini sakafu tupu nayo si dawa kama tunavyoambiana. Linalotakiwa ni godoro lisilobonyea katikati.

Kuinuka: usijikunje kutoka chali kama mtu anayefanya mazoezi ya tumbo. Geuka ubavu mzima mzima kama gogo, teremsha miguu, na wakati huo huo jisukume kwa mkono.

Choo. Haya hayaandikwi mara nyingi lakini ndiyo yaliyonitesa kuliko yote. Kujikamua kunapandisha shinikizo kwenye diski kama kukohoa, na dawa kali za maumivu hufunga choo. Kunywa maji, kula papai, kisamvu, maharage. Kuchuchumaa kukikushinda, tafuta kiti cha plastiki, kata tundu katikati ya kikalio, kiweke juu ya shimo. Changu bado kipo, watoto wanakiita kiti cha enzi.

Na kabla ya kukohoa au kupiga chafya, simama wima, jishike kiunoni, jipinde kidogo kwenda nyuma. Maumivu yatapungua.

Joto husaidia misuli iliyokaza: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, dakika 15 hadi 20. Usiiweke kwenye ngozi yenye ganzi, utaungua bila kujua.

Hatua ya 4: Dawa, na jinsi ya kutodanganyika nazo

Ibuprofeni miligramu 400, mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa siku chache hadi wiki, ndiyo watu wazima wengi huanzia. Diklofenaki ni ndugu yake. Huchanganyi hizo mbili. Asiyetakiwa kuzigusa bila daktari ni mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo au presha isiyotulia, mwenye pumu inayochochewa na dawa hizi, na mama mjamzito. Parasetamoli peke yake kwa mgongo ni dhaifu, ila kwa wale waliokatazwa hizo nyingine ndiyo iliyobaki. Isipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500.

Hizi dawa haziponyi diski. Zinakununulia nafasi ya kusogea. Ukimeza kisha ukabaki umelala, umepoteza hela.

Sindano nitaisema kwa uchungu kidogo. Kwenye duka moja la dawa nilidungwa sindano siku tano mfululizo, bila kuulizwa hata swali moja kuhusu tumbo langu. Maumivu yalipungua kwa saa chache kila siku, kama ambavyo kidonge kingefanya, na wiki iliyofuata nikaanza kutapika nyongo. Sindano ya diklofenaki haina nguvu ya ajabu kuliko kidonge. Inaingia haraka, basi. Pia jihadhari na unga au vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kama dawa ya asili ya mgongo na vinavyoleta nafuu ndani ya saa moja. Nafuu ya namna hiyo inaweza kuwa ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, zilizochanganywa kwa siri, na ukizizoea zinapandisha sukari, zinalainisha mifupa na kuufanya mwili usiweze kuziacha ghafla.

Tramado, dawa kali ya maumivu, ni ya kuandikiwa na daktari, kwa muda mfupi. Na nikiwa Mmakonde ninayewajua Wamakonde wenzangu: uraka, ile pombe ya mabibo, na tramado havikai meza moja. Mtu anaweza kulala asiamke. Uraka na diklofenaki navyo vinatoboa tumbo.

Kuchuliwa kwa mafuta, taratibu, na mtu asiyekupinda wala kukukanyaga, hakuna ubaya. Kulilegeza mwili wangu. Chale haziifikii diski, zinafikia ngozi tu, na wembe wa kushirikiana una mambo yake.

Hatua ya 5: Mkekani

Hii ndiyo iliyonigeuza. Tandika mkeka sakafuni, juu yake blanketi.

Lala kifudifudi, mikono ubavuni, uso pembeni. Dakika tano, huna kazi nyingine. Kama hata hili linauma mno, weka mto chini ya tumbo, na siku zinavyokwenda upunguze unene wake.

Ukizoea, jiegemeze kwa viwiko, kifua juu, kama mtoto anayesoma daftari sakafuni. Dakika tatu. Acha kiuno kilegee kizame.

Kisha weka viganja chini usawa wa mabega, usukume kifua juu huku nyonga zikibaki mkekani. Mikono ndiyo inayofanya kazi, mgongo unaning'inia tu. Toa pumzi ukifika juu, kaa sekunde moja, shuka. Mara kumi, kila baada ya saa mbili au tatu za mchana.

Sasa chukua ile ramani yako ya kalamu. Siku ya nne ya zoezi nilirudi kliniki kwa yule mtaalamu wa fiziotherapia nimekasirika.

"Dada, hii kitu inaniua. Mgongo unauma kuliko jana."

"Pole kaka. Na mguu?"

"Mguu…" Nikapapasa. "Mguu umeishia hapa." Nilikuwa nimeshika katikati ya paja. Wiki moja kabla yalikuwa yanafika kidoleni.

"Basi tunashinda. Endelea."

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe: unafuata mguu, huufuati mgongo. Maumivu yakipanda, kutoka unyayoni kuja gotini, gotini kuja kalioni, unapona, hata kama kiuno kinalalamika zaidi ya jana. Yakishuka, yaani zoezi limeyateremsha kutoka pajani kwenda kwenye shavu la mguu na yakabaki huko, zoezi hilo si lako leo. Acha, rudi kwenye kulala kifudifudi tu, jaribu tena kesho. Ganzi ikiongezeka, acha na ukaonwe.

Si kila mtu anafaa kupinda nyuma. Wazee wengi ambao miguu inakufa ganzi wakisimama au kutembea, na wanapata nafuu wakiinama au wakikaa, huwa na njia ya neva iliyojifinya. Hao kupinda nyuma kutawaumiza. Ramani itakuambia.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, mguu ukiwa umetulia, ongeza mawili ya nguvu. Moja, chali, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio, hesabu hadi tano, shusha, mara kumi. La pili, kaa kwa mikono na magoti kama mtu anayepiga deki, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, badilisha. Mgongo usiyumbe: weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno, kisimwagike. Mwanangu wa darasa la pili ndiye aliyekuwa refa wangu.

Hatua ya 6: Tembea

Dakika tano, mara nne kwa siku, barabara tambarare, viatu vyenye soli. Ongeza dakika mbili tatu kila siku. Nilianza kwa kwenda hadi mti wa mwembe wa jirani. Mwezi wa pili nilikuwa nafika sokoni na kurudi.

Hatua ya 7: Hospitali, picha, na swali la kisu

Nikuokolee fedha: eksirei haioneshi diski. Inaonesha mifupa, kwa hiyo inafaa kwa aliyeanguka au anayeshukiwa kifua kikuu. Inayoonesha diski na neva ni MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, na katika wiki sita za kwanza, kama huna dalili za hatua ya 1, huihitaji, maana matibabu yatakuwa yale yale. Halafu picha ina hatari yake. Ukioneshwa diski tatu zilizovimba utaanza kutembea kama mgonjwa, kumbe mbili kati yake umeishi nazo miaka kumi bila habari.

Unachopaswa kuomba mapema ni rufaa ya fiziotherapia. Kwa huku kwetu, mbali na hospitali za rufaa nilizotaja, watu wa Masasi na jirani zake huenda Ndanda, na wa upande wa Lindi huenda Nyangao. Uliza kabla ya kufunga safari mtaalamu yupo siku zipi. Nenda na karatasi yenye: siku ilipoanza, ramani ya maumivu, dawa ulizomeza na siku ngapi, na kazi unayofanya. Mwambie unabeba gunia au unapulizia mikorosho, usiseme "kazi za kawaida". Akikupa zoezi lifanye mbele yake kabla hujaondoka, maana zoezi la karatasi ukifika nyumbani linageuka kuwa kitu kingine.

Upasuaji upo, na si wa kuogopwa kama hadithi za kijiweni zinavyosema. Unafaa kwa aliyepita wiki sita hadi kumi na mbili mguu ukiwa bado unawaka licha ya kufanya yote, kwa ambaye nguvu za mguu zinazidi kupungua, na kwa dharura ya hatua ya 1. Unaondoa maumivu ya mguu haraka. Hausaidii sana maumivu ya kiuno peke yake. Na waliolinganishwa, waliopasuliwa na waliosubiri, baada ya mwaka mmoja hivi hali zao hukaribiana. Tofauti ni kwamba wa kwanza waliteseka muda mfupi zaidi. Mimi nilisubiri. Shemeji yangu alipasuliwa, na wala hajuti.

Hatua ya 8: Kurudi kazini bila kurudi kitandani

Anza na saa ya kwanza ya asubuhi. Usiku diski hunywa maji zikavimba. Ndiyo maana mtu huwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi asubuhi kuliko jioni. Diski iliyovimba ukiikunja mara tu unapoamka, inalalamika. Na sisi ndio tunaamka na fagio la chelewa, tumeinama nusu, uwanja mzima! Funga fagio kwenye mpini mrefu, au fagia baada ya chai. Kwa saa hiyo ya kwanza simama, tembea, chemsha maji, lakini usiiname.

Kuokota korosho ndiyo mtihani. Kusimama miguu imenyooka na kuinama kiunoni, mkono mmoja unaokota na mwingine umeshika ndoo, ukizunguka chini ya mti kwa muda wa saa nne, ni kubana lile bibo mara elfu. Piga goti moja juu ya kipande cha gunia, okota unachokifikia, inuka, sogea, badili goti. Kila ukimaliza mti, simama, viganja kiunoni, jipinde nyuma mara tano. Watu watakutazama, waache. Na fyeka na kufagia vizuri chini ya mikorosho kabla msimu haujaanza, kwa mpini mrefu: korosho inayoonekana huokotwa haraka kuliko inayotafutwa majanini.

Kubangua ukiwa umeketi chini, miguu imenyooshwa, mgongo umekunjwa, hakuna tofauti na kuinama. Vivyo hivyo mbuzi ya kukunia nazi, ambayo kwa diski ni mkao mbaya kuliko unavyodhania: umekaa chini, umeinama mbele, na unasukuma kwa nguvu. Inua mbuzi juu ya benchi, au mpe kazi hiyo mwingine kwa miezi miwili.

Gunia: lisahau kwa miezi mitatu. Baada ya hapo, gunia lililojaa ni la watu wawili, na kama chama chako cha msingi kinapokea viroba vidogo, jaza vidogo. Unapoinua chochote, panua miguu, kisukume kitako nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio, mgongo ubaki umenyooka, mzigo ukugande tumboni. Na usigeuke. Narudia hili kwa sababu ndilo lililoniponza: inua kwanza, simama, kisha geuza miguu. Kiuno hakigeuki, nyayo ndizo zinazogeuka. Ndoo mbili za lita kumi, moja kila mkono, ni bora kuliko moja ya ishirini upande mmoja.

Mashine ya kupulizia salfa ikijaa inapita kilo 20, tena inatetema mgongoni muda wote. Ivae ikiwa juu ya meza au tuta, usiivae kutoka chini. Kaza mikanda iugande mgongo, pulizia mistari michache, pumzika. Msimu wa kwanza baada ya kuumia, mlipe kijana akupulizie. Nilibania hela hiyo mwaka uliofuata na Juni nikarudi mkekani wiki mbili.

Dereva wa bodaboda: teremka kila nusu saa. Mvutaji sigara: diski haina mishipa mingi ya damu, inalishwa kwa kunyonya, na sigara inapunguza hata hicho kidogo. Mkanda wa kiunoni unaweza kukusaidia kwa safari ya siku moja ya rafu, lakini ukiuvaa kila siku misuli inaweza kulegea.

Kidole changu kidogo bado kina ganzi kidogo kwenye ncha. Fizio alisema ganzi ndiyo huwa ya mwisho kuondoka, na wakati mwingine haiondoki. Nimezoea. Ikija siku kiuno kikikaza tena, kama ilivyotokea Oktoba iliyopita baada ya kusukuma gari lililokwama kwenye mchanga, singojei mguu uwake. Siku hiyo hiyo natandika mkeka.